Hina ya Pikseli Themanini

Dele ndilo lililoniharibu. Lilikuwa dele la kahawa, la shaba, dogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na lilikaa pembeni ya kila alichokiandika mtu mmoja nisiyemjua, katika jukwaa la mtandaoni walikokuwa wakikutana watu wa visiwa vyetu waliotawanyika duniani. Kila mwenye kuandika pale alikuwa na kijipicha chake kando ya maneno yake, wenyewe wakikiita avata. Wengi walibandika simba, au gari la kifahari, au waridi waliloliokota kwingine. Huyu alikuwa na dele, na dele lile likifuka moshi. Moshi ulitoka mdomoni, ukajipinda kidogo, ukapotea, halafu ukaanza tena. Nilikaa nikiutazama mpaka mzee mmoja aliyekuja kuchapiwa barua akakohoa mara tatu kunikumbusha kwamba yupo.

Barua hizo nilikuwa nikizichapa katika chumba cha mjomba wangu, kaka wa mama, pale Wete. Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza skuli, nasubiri nisichokijua. Mjomba alikuwa na kompyuta nne, na moja tu kati ya hizo ndiyo iliyounganishwa na mtandao, kwa waya wa simu uliopita juu ya mlango na kuning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Nikichapa maombi ya kazi, kadi za harusi, malalamiko ya mipaka ya mashamba. Baina ya mteja na mteja nilikuwa mtu wa jukwaani. Picha zilishuka taratibu, mstari kwa mstari kutoka juu, na ukitaka kumuona simba mzima ilibidi umuanze asubuhi.

Basi siku ile nikaandika mbele ya watu wote: "Assalamu alaykum mwenye dele. Dada yenu wa Pemba anauliza, moshi wako unatoka wapi?"

Akajibu baada ya saa nzima: "Waalaykumu salaam dada. Unatoka katika picha nane."

Nilicheka peke yangu mle chumbani. Picha nane! Yaani alikuwa amechora dele moja mara nane, na moshi mara nane, kila mara umesogea kidogo, kisha akazipanga zipite mbio mbio mpaka jicho likadanganyika. Mtu mzima na akili zake alikuwa amekaa kitako akafanya hivyo kwa ajili ya dele. Nikamwambia anifundishe. Akaniambia sharti la jukwaa: avata isizidi pikseli themanini kwa themanini wala kilobaiti sita, na saini, yaani ile picha ndefu inayokaa chini ya maneno ya mtu kila anapoandika, isizidi mia nne kwa mia moja. "Ukiweza kusema jambo katika nafasi hiyo," aliandika, "umeshakuwa fundi."

Tabu ilianza na programu ya kuchorea, ile aliyokuwa nayo mjomba. Sidii yake ilikuwa imetoka Maskati, kwa ndugu zetu wa upande wa mama, na kila kitu ndani yake kilikuwa kwa Kiarabu. Kiarabu changu ni cha chuoni, cha kusomea Kurani. Nasoma vizuri sana, navuta panapovutwa na nakata panapokatwa, na katika maneno matano nafahamu moja. Kwa hiyo nikawa nazisoma zile orodha za programu kwa sauti, polepole, nikikisia ipi ni ipi. Asubuhi moja bibi mmoja mwenye buibui lake alikuwa ameketi akisubiri kuchapiwa barua ya kwenda kwa mwanawe. Akafumba macho, akawa anayumba kidogo kidogo. Nilipofika mwisho wa orodha ya vivuli na rangi akashusha pumzi.

"Mashallah, mwanangu," akasema. "Hino juzuu ya ngapi?"

Nikamwambia, "Bi, hii si juzuu, ni mambo ya picha," akasikitika kama niliyemnyang'anya tende mkononi wakati wa kufuturu.

Programu ya mwenye dele ilikuwa ya Kiingereza, na orodha zake zilianza kushoto. Zangu zilianza kulia. Kwa hiyo masomo yetu yalikwenda kwa kupindua: "Bonyeza ya tatu kutoka kushoto, ambayo kwako itakuwa ya tatu kutoka kulia, inshallah." Kila agizo lake lilimalizikia inshallah, kwa sababu hata yeye hakuwa na uhakika. Alinifundisha leya, yale matabaka ya picha yanayolazwa moja juu ya jingine kama shuka za kitanda. Alinifundisha kuweka kivuli chini ya maandishi ili yaonekane yamenyanyuka. Nilipogundua kivuli nilikitia kila mahali. Nilikitia hata kwenye kadi ya harusi ya mteja, na mama wa bwana harusi akauliza kwa nini majina ya wanawe yana uchafu.

Saini yangu ya kwanza niliichora mfano wa kanga: pindo pande zote, mji, yaani lile eneo lake, katikati, na mahali pa jina, pale pa msemo wa kanga, nikaandika "Karibuni, chai ipo." Watu wa jukwaani waliipenda kupita kiasi. Wakaanza kuniomba na wao. Mmoja alitaka pindo la mikorosho, mwingine alitaka la makarafuu, na yule mwenye avata ya simba, mtu wa mdomo sana aliyekuwa akinitania kila siku, alitaka kanga yenye simba, nikamwambia kanga si mbuga ya wanyama. Nilikuwa na furaha mpaka mama akauliza nyumbani, "Mjomba wako akupa n'ni huko?"

Sasa kuhusu mwenye dele. Nilikuwa nikidhani yuko Ulaya au Arabuni, maana karibu wote mle walikuwa huko. Hadi siku moja, katikati ya somo la kukata picha kufuata kingo zake, umeme wa Pemba ukakatika. Si mtaa wetu tu, kisiwa kizima, kama ilivyokuwa kawaida ya miaka ile. Uliporudi alasiri niliikimbilia kompyuta, nikaandika, "Samahani, umeme." Nikaona juu yangu, dakika ile ile, ameandika na yeye: "Samahani, umeme."

Nilisimama. Nikakaa. Nikasimama tena. Mjomba akaniuliza nimeumwa na nini. Mtu wa moshi alikuwa hapa hapa kisiwani, labda Chake, labda Mkoani, labda nilimpita sokoni akichagua ndizi. Tangu siku ile sikuweza kupita sokoni kama mtu mwenye akili zake. Nilimpenda, na naandika hivyo bila kuzunguka kwa kuwa sasa ni mtu mzima na sina wa kumuogopa. Sikumjua uso wala jina wala umri. Nilijua anavyosubiri mtu mpaka aelewe, na kwamba hakuwahi hata mara moja kunicheka kwa kivuli changu.

Yeye naye, nilihisi, alikuwa na lake. Masomo yalirefuka. Agizo la mistari miwili likawa la mistari kumi, na ndani yake naulizwa kama mvua imenyesha Wete na kama nimeshakula.

Jambo lililotuvuruga lilianzia kwenye rangi. Ilikuwa miaka ya vyama vingi, baina ya uchaguzi na uchaguzi, wakati ambapo kwetu hata chakula cha harusi mtu alikuwa akiuliza kwanza nyumba ni ya upande gani. Mimi nilisahau. Nilichora avata yangu ya kwanza kwa mkono wangu: jani la mgomba, kijani kibichi, na mkungu wa ndizi mbivu, manjano, rangi zile zile za chama kilichotawala. Nilijivunia zile ndizi. Jibu la kwanza lilikuwa, "Hongera kwa kadi mpya." La pili, "Dada wa Pemba, wewe pia?" Watu wakanilaani na watu wakanikaribisha, na hakuna aliyesema neno kuhusu ndizi.

Nikaifuta mbio. Nikachora mbingu ya buluu yenye wingu jeupe na kishada chekundu cha kurushwa na watoto kinachopepea, na kumbe hizo nazo zilikuwa rangi za upinzani. Sikumaliza kunywa chai upande wa pili wakainuka: "Tulijua tu, Mpemba huyo, atakwenda wapi!" Kishada changu kilijadiliwa kurasa tatu. Mtu aliyekuwa akiishi kwenye theluji alitishia kutosema tena na binamu yake kwa sababu ya kishada changu. Wasimamizi wakaifunga mada.

Mwenye dele akaniandikia: "Dada, jaribu kahawia. Kahawia haina mgombea."

Ushauri huo ndio uliotumaliza.

Mwezi ule dada yangu mkubwa aliolewa Gando. Mpambaji alikaa naye tangu asubuhi, akamchora hina na piko, ile rangi nyeusi ya urembo, maua na vikonyo kutoka vidoleni mpaka viwikoni, kazi ya kukufanya uombe maji. Ndugu mmoja aliyekuja kutoka Maskati alikuwa na kamera, na mimi nikaomba nipige mikono tu. Uso wa dada nisingethubutu kuutia mtandaoni, lakini mikono miwili isiyo na mwenyewe ilikuwa na ubaya gani? Kahawia juu ya ngozi ya maji ya kunde. Haikuwa na kijani, haikuwa na buluu. Nilipoiona kwenye kioo cha kamera nilijua ndiyo.

Nilipoipunguza mpaka pikseli themanini, maua yote yakageuka madoa, kama mtu aliyemwagikiwa na mchuzi. Basi nikakaa siku tatu nikiyachora upya, petali moja kwa pikseli tatu, kikonyo kwa pikseli moja. Mpaka hapo nilikuwa nimeshaacha kuona mikono. Nikiona vijiraba, kimoja cheusi kidogo, kimoja chekundu kidogo. Ilikuja kilobaiti tano na nukta tisa. Nikaibandika, nikaenda nyumbani nikiimba.

Kesho yake jukwaani palikuwa na adabu ya ajabu. "Mashallah," waliandika. "Kazi nzuri sana, Bi." Bi? Wiki iliyopita nilikuwa dada wa kutaniwa. Yule wa simba, aliyekuwa na neno kwa kila mtu, aliandika, "Naomba radhi kwa utani wangu wa nyuma. Wasalimie nyumbani." Nikamjibu kwa furaha, "Wanakusalimu." Nikadhani hatimaye watu wameutambua ufundi wangu. Nilitembea siku mbili kwa kiburi cha fundi aliyetambuliwa.

Siku ya tatu nilipata ujumbe wa faragha kutoka kwa mwenye dele. Ulikuwa mfupi. "Bi, mikono umeichora kuliko nilivyofundisha, na sasa huhitaji mwalimu. Nisamehe kama nilizidisha maneno, sikuwa najua. Nakuombea heri wewe na aliye nawe." Na dele lake, nilipolitazama, lilikuwa limesimama. Alikuwa ameubadilisha ule mchoro wa picha nane akaweka wa picha moja, bila moshi.

Sikuelewa. Nilisoma maneno yale mpaka nikayajua kwa moyo. Nilidhani nimemkosea kwenye kilobaiti. Nililia chooni nyumbani kwetu na bomba limefunguliwa, na mama akapiga kelele kuhusu maji. Aliye nami nani? Aliyekuwa nami alikuwa mjomba, na mjomba alikuwa amelala kwenye kiti, mdomo wazi.

Aliyenifumbua macho ni dada mwenyewe. Alikuja kututembelea akitokea kwa mumewe, akapita chumbani kwa mjomba kunisalimia, bado hina yake iko mikononi. Akatazama kioo, akatazama mikono yake, akatazama kioo tena.

"Mikono hino si yangu?"

"Yako."

"Na maneno hapa kando, n'ya nani?"

"Yangu."

Akakaa chini. Akaanza kucheka taratibu, kisha akashindwa kujizuia mpaka akajifunika uso kwa ushungi.

"Mie nimeolewa Gando," akasema, "na weye umeolewa humu ndani. Wewe hujui? Mwari gani mwenye piko mpaka viwikoni?"

Nilihisi damu imenipanda masikioni. Bila shaka nilijua! Kila mtoto wa kwetu anajua. Maua ya vile ni ya biharusi na ya mke wa mtu, na msichana akijichora hivyo hata bibi yake atamshika mkono amuulize mumewe yuko wapi. Lakini mwenye avata ya simba hakuwa simba, na mwenye gari hakuwa na gari, na mimi nilikuwa nimetazama pikseli kwa siku tatu mpaka nikawa kipofu. Watu wetu, popote walipo, hata kwenye theluji, wanaweza kumsamehe mtu simba. Hina hawaisamehe.

Na kuwaambia sikuweza. Ungesema nini? "Jamani, sijaolewa"? Msichana kusimama mbele ya watu mia tatu, wengine wajomba zake bila ya yeye kujua, akatangaza kwamba bado hana mume? Afadhali ningebandika bango sokoni Konde. Na kumwandikia mwenye dele peke yake, kumwambia maneno hayo hayo faraghani, kulikuwa kubaya zaidi, maana hapo nisingekuwa nimetangaza, ningekuwa nimeomba. Nikaona, kosa nilifanya kwa picha, basi nitalitengeneza kwa picha.

Nikaitegesha kamera aliyotuachia yule ndugu wa Maskati, nikapiga picha mikono yangu mwenyewe, mitupu, bila hina, bila pete, imelazwa juu ya shuka jeupe ili itoke vizuri. Nikaipunguza. Nilifikiri iko wazi kabisa: hakuna hina, hakuna mume.

Wa simba alikuwa wa kwanza. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

Nilishika kichwa. Kwa watu wetu, Bi aliyekuwa na maua mpaka viwikoni juzi, leo akatokea na mikono mitupu juu ya shuka jeupe, ni mjane aliyeingia eda. Pole zikaja kurasa nne. Dua zikaja, ndefu, za kweli, za watu waliohuzunika kikweli. Kikundi kimoja kilichoko ng'ambo kikasema kitamsomea marehemu hitima Ijumaa. Yaani mume niliyekuwa sijawahi kuwa naye alikuwa anasomewa hitima! Nikaandika kwa haraka: "Jamani, hakuna aliyekufa."

Kisha wa simba: "Basi ni talaka. Pole zaidi, Bi. Na marehemu huyo hastahiki kukupata." Kwa haraka alisahau kwamba nimeshamfufua.

Nilicheka mpaka mjomba akaamka, na katikati ya kucheka nikaanza kulia, kwa sababu chini kabisa ya ukurasa, baada ya pole zote, mwenye dele alikuwa ameandika mstari mmoja tu: "Mwenyezi Mungu akupe subira." Hakuniita hata dada.

Siku zikapita. Mimi sikuandika jukwaani. Mwezi wa Ramadhani uliingia ukafika ukingoni, na mkesha wa Idi ukakaribia, na watoto wa mtaani kwetu wakaanza kugongagonga milango kuomba majani ya mhina. Mama alitwanga ya nyumba nzima. Mchana wa kuamkia Idi nilikuwa nimekaa jikoni, wapwa zangu wawili wa kike, watoto wa kaka yangu, wamenyoosha mikono, na mama anawatia hina ya kufumbata: tonge la majani yaliyotwangwa katikati ya kiganja, vidole vikafumba juu yake, ngumi ikafungwa kwa kitambaa mpaka magharibi. Ukifungua unakuta duara jekundu katikati ya kiganja na ncha za vidole zimeiva. Hina ya watoto, na ya wasichana. Hakuna mke wa mtu, wala mjane, wala mtalaka, atakayekubali kufumbata. Watamcheka mpaka aone haya ya kutoka nje.

Nikasema, "Mama, nitie na mimi."

Mama akaniangalia kwa mshangao. Nilikuwa nimeacha kufumbata tangu kidato cha pili, nikajiona mkubwa. "Leo utakuwa mtoto?" akasema, lakini alinitia, na nikakaa mchana kutwa na ngumi mbili kama bondia, siwezi hata kujikuna pua.

Siku ya pili ya Idi nilifungua chumba cha mjomba mimi peke yangu. Nikapiga picha kiganja changu cha kushoto, wazi, na duara lake. Safari hii sikutengeneza kitu. Sikutia kivuli. Duara lile lilikuwa pana, na hata kwenye pikseli themanini lilibaki duara. Kilobaiti tatu. Nikabandika, nikaandika "Idi Mubarak" tu, na nikakaa mbele ya kioo bila ya kupepesa.

Wa simba aliandika, "Sasa mbona mnatuchanganya."

Mwingine akauliza kama ni jeraha. Huyo hakuwa wa kwetu.

Kisha, faraghani, ujumbe. Ulikuwa na maneno mawili tu na alama ya kuuliza. "Ya kufumbata?"

Nikaandika, "Ya kufumbata."

"Na ile ya mwanzo?"

"Mikono ya dada yangu. Aliolewa Gando."

"Na shuka jeupe?"

"Lilikuwa shuka tu."

Niliona jina lake la jukwaani likiendelea kuonyesha yupo, yupo, yupo. Mteja akaingia, nikamwambia leo ni Idi, arudi kesho, akasema lakini mlango uko wazi, nikamwambia mlango nao unasherehekea. Nilikuwa nimechanganyikiwa kabisa. Kisha likaja swali moja, na hata leo nikilikumbuka naona haya peke yangu.

"Nyumbani kwenu tumuulizie nani?"

Hakuandika nimuulizie. Aliandika tumuulizie. Mtu wa kwetu yeyote anajua tofauti: mmoja anakuja kuzungumza, wengi wanakuja kwa wazee. Nikaweka vidole vyangu vyekundu kwenye vibonye, nikaandika jina la baba yangu, jina lake kamili mpaka la babu, na mtaa, na kwamba mlango ni ule unaotazamana na msikiti. Ilikuwa mara ya kwanza kuandika jina la kweli mle ndani. Nikabonyeza kabla umeme haujapata nafasi ya kukatika.

Walikuja wiki mbili baadaye, wazee wawili wa makamo kutoka Chake, siku ya Jumatano baada ya alasiri. Mimi nilikuwa nyuma, nachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Shangazi, dada wa baba, alikuwa ameniweka tayari kwa siku nzima, maana yeye ndiye aliyewaozesha mabinti wote wa ukoo na anajua kila hatua. Utaitwa, akaniambia. Utakaa chini. Utainamisha kichwa. Baba yako atakuuliza, na weye usiseme kitu, kabisa, hata kikohozi. Mama yako ndiye atakayesema kuwa umenyamaza, na kunyamaza kwako ndio kuridhika kwako. Dada yako alinyamaza mpaka tukadhani amelala. Usituaibishe.

Nikaitwa. Nikakaa chini juu ya mkeka. Nikainamisha kichwa, vizuri sana, kama nilivyofundishwa, nikawa naona vidole vya miguu ya baba na ukingo wa kanga ya mama. Baba alikuwa mwalimu mstaafu na hakuwahi kusema jambo lolote bila ya utangulizi.

"Wamekuja watu wa Chake," akaanza. "Watu wema, nimeuliza. Wana kijana wao, anafanya kazi ya kuchora ramani ofisini. Nasikia ni mtu mtulivu. Mimi simjui, mama yako hamjui, na wewe kwa vyovyote humjui, kwa hiyo hakuna wa kukulazimisha, na ukitaka kufikiri, fikiri. Wao wameomba jibu, lakini mimi nimewaambia binti yangu ana haki yake. Sasa basi nakuuliza, mbele ya mama yako na shangazi yako, je, wewe—"

"Ndiyo."

Nilikuwa nimenyamaza miezi mizima. Nilikuwa nimesema kwa ndizi na kwa kishada, kwa mikono ya dada na kwa mikono yangu, kwa shuka na kwa hina, na kila mara nikasikika vibaya. Neno lilitoka lenyewe, kwa sauti ya kuitikia mahudhurio darasani. Shangazi akasema "Yarabi!" akajifunika uso. Mama aliziba mdomo kwa pindo la kanga na mabega yake yakaanza kutikisika.

Baba akavua miwani.

"Sijamaliza kuuliza," akasema.

"Najua, baba," nikasema. "Ndiyo."